Kombinesheni ya mtoto: Uliza chuo kabla ya kulipa karo

Na Mwandishi Wetu, Bwera

Siku ya soko, watu, pikipiki na mikokoteni hubanana kwenye mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Kutoka upande wa Kongo huja mawese, maharage na kakao. Kutoka upande wa Uganda huvuka samaki wakavu, saruji, mchele na sabuni. Bei hutajwa kwa shilingi, faranga na dola, na wasiojua Lhukonzo huelewana kwa Kiswahili. Hapa hakuna mwenye mtaji anayepakia lori kwenda Beni au Butembo bila kuuliza kwanza: mzigo huu unatakiwa kule? Na forodhani wanataka karatasi gani?

Swali hilo hilo husahaulika nyumbani, pale matokeo ya kidato cha nne, yaani S4, yanapotoka na mtoto anatakiwa kuchagua masomo ya S5. Mzazi huhangaikia karo, godoro na sanduku. Masomo humwachia mtoto mwenyewe, rafiki zake, au mwalimu aliyekuwa ofisini siku ile. Baada ya miaka miwili matokeo yanaweza kuwa mazuri, na bado kozi anayoitaka isimpokee. Hakufeli. Hakusoma somo linalotakiwa, na faida ya sokoni ya miaka miwili imeshalipwa.

Herufi tatu

Katika S5 na S6, mwanafunzi wa Uganda husoma masomo makuu matatu. Hiyo ndiyo kombinesheni, ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita tahasusi. Juu yake huongeza somo la maarifa ya jumla, linalojulikana kama GP, pamoja na Hisabati ndogo au Kompyuta. Mtihani wa mwisho, UACE, husimamiwa na UNEB.

Kombinesheni huitwa kwa herufi, na kila herufi ina mlango wake. PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati. PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. BCM ni Baiolojia, Kemia na Hisabati. PEM ni Fizikia, Uchumi na Hisabati. HEG ni Historia, Uchumi na Jiografia.

Kiwango cha chini cha kuingia shahada moja kwa moja ni kufaulu masomo makuu mawili ya UACE katika mtihani mmoja, pamoja na kufaulu masomo matano ya S4. Wazazi wengi huishia hapo, wakidhani kwamba mwenye alama nyingi atachagua kozi yoyote. Kumbe hiyo ni tiketi ya kufika getini tu. Kila kozi ina masharti yake.

Alama 16 zashindwa na 11

Gredi A ina alama 6, B 5, C 4, D 3 na E 2. Chuo Kikuu cha Makerere, na vyuo vingine vya umma vinavyofuata utaratibu huo, hakijumlishi alama hizo hivi hivi. Masomo mawili ambayo kozi inayaona kuwa ya lazima huzidishwa kwa 3. Somo la tatu linalohusiana na kozi huzidishwa kwa 2. Yale madogo huhesabiwa mara moja, na somo kuu lisilohusika hupewa nusu tu. Matokeo ya S4 huongeza kidogo, na kwa Makerere msichana huongezewa alama 1.5.

Tuchukue mfano wa vijana wawili wanaotaka uhandisi. Wa kwanza alisoma BCM akapata B ya Baiolojia, A ya Kemia na B ya Hisabati: jumla 16. Wa pili alisoma PCM akapata C ya Fizikia, C ya Hisabati na D ya Kemia: jumla 11. Mtaani wa kwanza ndiye atakayeandaliwa sherehe.

Lakini masomo ya lazima ya uhandisi ni Hisabati na Fizikia. Kwa kijana wa pili, 4 mara 3 ni 12 kwa Fizikia, 12 nyingine kwa Hisabati, na 3 mara 2 ni 6 kwa Kemia. Anapata 30. Nafasi bado hana uhakika nayo, kwa kuwa kiwango cha kukatia hutegemea ushindani wa mwaka, ila yumo kwenye hesabu. Yule mwenye 16 hana Fizikia, kwa hiyo jina lake halifiki hata kwenye kikokotoo.

Hesabu hiyo inageuka kozi ikibadilika. Kwa udaktari na shahada ya uuguzi, masomo ya lazima ni Baiolojia na Kemia. Hapo BCM na PCB zinaingia, PCM inabaki nje. Kwa biashara, Uchumi ndio wenye uzito, na HEG au PEM zinafaa. PEM inampa mtoto njia mbili, uhandisi na biashara, ila inamfungia hospitali. Sheria haidai somo fulani, lakini Makerere hutoa mtihani wake wa kuingilia. HEG inafungua sheria, biashara na sayansi za jamii, na inafunga karibu kila kozi ya sayansi.

Pesa nazo zina upande. Serikali hudhamini wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka katika vyuo vya umma, wengi kwa ushindani wa kitaifa na sehemu kwa mgawo wa wilaya, na kozi za sayansi zimepewa kipaumbele. Mikopo ya bodi ya fedha za elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, nayo imeelekezwa zaidi huko. Hiyo si sababu ya kumlazimisha mtoto Fizikia asiyoiweza. E tatu za sayansi hazimfikishi popote ambako B tatu za HEG zingemfikisha.

Uchaguzi unaanzia S3

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa S4 mwaka 2024. Katika S3 na S4 kuna masomo saba ya lazima: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia, Jiografia na Historia. Mwanafunzi huongeza somo moja au mawili ya kuchagua, na hawezi kuzidi tisa.

Faida yake ni kwamba mlango wa sayansi haufungwi mapema, maana kila mtoto anafika S4 akiwa na masomo matatu ya sayansi. Lakini shule za S5 huangalia gredi ya kila somo. Aliyeitupa Kemia katika S3 hawezi kuiokota S5.

Katika masomo ya kuchagua kuna Ujasiriamali, Kilimo, Kompyuta, Kiswahili na Kifaransa. Kiswahili ni cha lazima S1 na S2 tu. Kuanzia S3 mtoto anaweza kukiacha. Mfanyabiashara wa Mpondwe afikiri mara mbili hapo. Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 11 Julai 2022, na mwezi huo huo baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kijana anayetaka uwakala wa forodha au usafirishaji kwenye njia ya Kasindi atakutana na nyaraka za Kifaransa kila siku.

Mtoto anayevuka mpaka

Familia nyingi hapa zina ndugu pande zote mbili za mto Lhubiriha, na watoto husoma kokote. Aliyemaliza Kongo hana kombinesheni wala alama za A hadi E. Ana cheti cha Diplôme d'État chenye asilimia, alichokipata katika mchepuo kama wa kemia na baiolojia, ualimu, au biashara. Akitaka chuo cha Uganda, cheti hicho hupelekwa kwanza kulinganishwa, na kwa vyeti vya sekondari kazi hiyo ni ya UNEB. Ianze miezi kadhaa kabla ya kuomba nafasi. Kulinganisha cheti hakubadilishi mchepuo: aliyesoma biashara Butembo hatageuka mwanasayansi akifika Mbarara.

Anayefikiria Kenya nako atakuta njia tatu katika sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo.

Shule nayo ichunguzwe

Mpondwe haijasahau usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wavamizi walipoua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi wa sekondari ya Lhubiriha. Mzazi anayeangalia usalama na umbali kabla ya kitu kingine ana haki yake. Baada ya hapo aulize mawili: kombinesheni hii inafundishwa hapa kweli, au imeandikwa ubaoni tu? Na mwalimu wa Fizikia yupo shuleni wiki nzima, au hupita siku moja akitoka shule nyingine? PCB bila maabara ni karo iliyotupwa.

Aliyekwisha kukosea bado ana njia, ingawa ni ndefu. Anaweza kusoma stashahada kisha shahada. Kuna cheti cha elimu ya juu cha mwaka mmoja, kilichowekwa kwa wasiotimiza masharti. Aliyefikisha miaka 25 anaweza kufanya mtihani wa watu wazima. Kila njia ni mwaka au miaka ya karo juu ya ile iliyolipwa.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mkoba, mzazi akae na mtoto jioni moja na karatasi. Waandike kozi mbili anazozitaka, si moja. Watafute masomo ya lazima ya kila kozi kutoka chuo chenyewe, iwe Makerere, Mbarara, au Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kilichopo Fort Portal, kwa kuwa masharti hutofautiana. Wachague kombinesheni inayofungua zote mbili. Kisha waweke kando yake gredi za S4, waone kama mtoto anaiweza.

Kazi hiyo haizidi saa mbili. Ni muda mfupi kuliko ule unaotumika kugombea bei ya gunia moja la maharage Lhubiriha.