Si Kila Asiyejibu Upesi ni Mkaidi

Askari yeyote aliyepata kushika zamu katika eneo la Custom, mjini Juba, anaijua ghasia ya mahali hapo. Honi za bodaboda, jenereta na kelele za wachuuzi hukutana kwa wakati mmoja. Katika ghasia hiyo wamo pia wafanyakazi ambao bongo zao hupokea mambo kwa namna iliyo tofauti na ya wengi.

Miongoni mwao ni wenye usonji. Usonji si ulevi, si wendawazimu, wala si laana. Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni na kudumu maisha yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 alikuwa nayo. Mwenye hali hiyo aweza kukwepa kutazamana na mtu, kuchelewa kujibu, au kuziba masikio kelele zinapomzidi. Askari asiyelijua hilo aweza kumdhania mchukuzi wa namna hiyo kuwa mwizi au mkaidi. Amri ikirudiwa kwa ukali, hofu humpanda, akakimbia. Na hapo ndipo balaa huanza. Swali fupi, sauti ya upole na subira ya dakika moja huweza kuepusha pingu, pengine hata risasi.

Jambo hili lawahusu askari wenyewe vilevile. Kikosini huenda yumo ambaye herufi humchanganya aandikapo taarifa, ilhali hasahau sura wala njia aliyoipita mara moja. Nchini Uingereza, GCHQ, idara ya upelelezi wa mawasiliano, imetangaza hadharani kwamba inawahitaji watu wenye ugumu wa kusoma, kwa vipaji vyao vya kung'amua yaliyofichika. Mkuu mwenye busara hutoa amri moja baada ya nyingine, hubandika ratiba ya zamu mapema, na humruhusu askari huyo kusimulia taarifa huku mwenzake akiiandika. Hayo hayahitaji fedha, wala hayalegezi nidhamu.

Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Askari wana kanuni zao, lakini ndio walinzi wa haki hiyo mitaani. Hivyo basi, hawana budi kuianzia kambini na kituoni, ili wanapofika Custom wawe wamekwisha kuizoea.