Kasha, Kaniki na Msasa: Ukarabati wa Tunu za Ukoo na Historia ya Jamii

1.0 Utangulizi

Katika nyumba nyingi kongwe za mwambao wa Afrika Mashariki, hakikosi kupatikana chombo kimoja ambacho wenyewe hawakiuzi hata wakati wa dhiki. Aghalabu chombo hicho ni kasha: sanduku kubwa la mbao lililopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, na mara nyingi lenye saraka upande wa chini. Makala haya yanajadili yale yanayofichuka pale kasha la ukoo linapopelekwa kwa fundi. Hoja yetu ni kwamba ukarabati ni aina ya usomaji. Fundi, kama alivyo mhariri wa mswada wa kale, aweza kuihifadhi matini iliyo mbele yake au kuifuta kabisa.

2.0 Ushahidi wa Majina

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina majina kadhaa ya vyombo vya aina hii, yakiwemo sanduku, kasha, bweta na mandusi. Kasha na bweta, pamoja na meza na leso, huhesabiwa miongoni mwa maneno yenye asili ya Kireno, masalio ya mahusiano yaliyoanza mwaka 1498 na kudhoofika baada ya Ngome ya Yesu kuangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Sanduku ni neno la Kiarabu. Mandusi nalo latuelekeza Omani na nchi jirani za Ghuba, ambako kasha la namna hii bado huitwa mandus.

Hata hivyo, asili ya neno si lazima iwe asili ya kitu. Makasha mengi tunayoyaita kwa jina la Kireno yalitengenezwa Bara Hindi, katika sehemu kama vile Surat, Bombay na pwani ya Malabar, yakaletwa huku kwa majahazi. Mtafiti anayetegemea etimolojia peke yake atapotea njia. Hana budi kuuliza pia mbao zinasema nini.

3.0 Ushahidi wa Mbao na Shaba

Fundi hodari hutazama kabla ya kushika. Msaji ni mti wa Asia. Haukuwa ukiota kwa asili katika mwambao wetu. Kwa hiyo, kasha la msaji lenye kitako cha mvule au mbambakofi yaelekea lilibadilishiwa kitako huku, baada ya kile cha awali kuliwa na mchwa au kuoza kwa unyevu. Kiraka hicho, ambacho mnunuzi wa vitu vya kale hukiona kuwa ila, kwa mwanahistoria ni waraka: chaonyesha kwamba kasha liliendelea kuthaminiwa na kutumika. Vivyo hivyo, bawaba zisizofanana na mikwaruzo kuzunguka tundu la ufunguo ni kumbukumbu za mikono iliyofungua na kufunga.

Kumbukumbu hizo hufutika upesi. Msasa, ambao leo ni karatasi ya dukani, ni jina la mti wenye majani makavu ya kukwaruza, yaliyotumiwa kulainishia mbao. Zana imebadilika, jina limebaki; lakini nguvu ya zana mpya imezidi mno. Kinachokwanguliwa hakirudi.

4.0 Mfano wa Kasha Moja

Mwandishi wa makala haya alipata kushuhudia ukarabati wa kasha la jamaa mmoja wa Unguja. Wenyewe walisimulia kwamba kasha hilo lilikuwa la bibi mzaa bibi yao, ambaye baba yake alilileta kutoka Maskati. Fundi alipokitoa kijisanduku cha ndani ili akaze ubao uliolegea, nyuma yake palionekana kanga kuukuu yenye maandishi ya hati za Kiarabu, na ndani ya kanga hiyo kipande cha kaniki.

Walio vijana walitaka kaniki hiyo itupwe. Sababu yao yaeleweka. Katika karne ya 19, kaniki na merikani zilikuwa mavazi ya watumwa na mafukara, ilhali kanga ilikuja kuwa vazi ambalo wanawake walioachwa huru walijitangazia uungwana wao. Bibi mkubwa wa nyumba ile alikataa katakata. "Wajukuu zangu," alisema, "kitu cha kutupwa hakifichwi kashani."

Yatupasa tujihadhari. Kaniki haithibitishi utumwa, kwani ilivaliwa pia na watu huru katika kazi. Lakini hata tukichukulia kwamba aliyeificha alikuwa na nasaba ya utumwani, simulizi ya Maskati haibatiliki. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake huzaliwa mwungwana na hurithi. Huko Unguja, amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa haikuwahusu masuria. Wao walisubiri hadi mwaka 1909. Hivyo baba Mwomani na mama aliyevaa kaniki waweza kukutana katika nasaba moja. Kinywa cha ukoo kilihifadhi upande wa baba. Kasha likahifadhi, yamkini, upande wa mama.

5.0 Hitimisho

Kasha lile lilikazwa bawaba, kitako chake cha zamani kikaachwa, na kaniki ikarudishwa mahali pake. Kutokana na mfano huu twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla msasa haujagusa ubao, chombo kipigwe picha na kila kilichomo kiandikwe mahali kilipokutwa. Pili, viraka vya zamani visiondolewe ila pale vinapohatarisha chombo chenyewe. Tatu, majina ya sehemu za kasha na ya kazi za fundi yanukuliwe kutoka vinywani mwa mafundi na mwa wenye nyumba, pamoja na simulizi zao. Jukumu hili la mwisho ni letu sisi wanaisimu. Mbao zaweza kungoja karne nzima. Fundi mzee na bibi mkubwa hawawezi.