Upungufu wa Chembe Sahani: Kuthibitisha Hesabu Kabla ya Kutafuta Chanzo

Chembe sahani huziba jeraha ili damu isiendelee kutoka. Kwa kawaida idadi yake ni kati ya 150,000 na 450,000 katika maikrolita moja ya damu. Mashine ikionesha pungufu ya hapo, hesabu yenyewe ithibitishwe kwanza. Kwa watu wachache, EDTA iliyomo katika chupa ya sampuli huzifanya chembe hizo zishikamane, nazo zisihesabiwe zote. Damu ikitandazwa kiooni na kutazamwa kwa hadubini, mafungu hayo huonekana. Ndipo sampuli nyingine huchukuliwa katika chupa yenye sitreti.

Kwa mgonjwa wa homa kutoka Mashewa, wilayani Korogwe, hadubini huonesha pia vimelea vya malaria, ugonjwa ambao mara nyingi hupunguza chembe sahani. Hata hivyo, kuonekana kwa vimelea hakumalizi uchunguzi, kwani mtu mzima aliyezoea malaria aweza kuwa navyo bila kuumwa. Mlipuko wa homa ya denge wa mwaka 2019 uliufikia mkoa wa Tanga. Mgonjwa wa denge akitibiwa malaria pekee, dalili za kutoka damu huweza kupuuzwa. Vipimo vya VVU na homa ya ini hufuata. Uboho huchunguzwa ikiwa chembe nyingine za damu nazo zina kasoro.