Baiskeli iliyosahaulika stoo ni miguu ya mtu mwingine

Karibu kila familia iliyowahi kununua baiskeli ina kona yake. Ni nyuma ya mlango wa stoo au chini ya ngazi, ilikoegemezwa baiskeli ya mtoto aliyekwisha kurefuka, magurudumu hayana upepo na mnyororo umeshika kutu. Haitupwi kwa kuwa ilinunuliwa kwa fedha. Haipandwi kwa kuwa hakuna wa kuipanda.

Jijini London, Uingereza, kona za namna hiyo ni nyingi. Na katika jiji hilohilo wapo watu ambao baiskeli moja ingewapunguzia mzigo mkubwa: wakimbizi na waomba hifadhi.

Jem Stein aliliona hilo alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alijitolea kuwa mlezi wa kijana mkimbizi kutoka Darfur, Sudan, akaona jinsi baiskeli ilivyomfungulia kijana huyo jiji ambalo nauli yake hakuimudu. Mwaka 2013 Stein alianzisha shirika la The Bike Project, lililokusanya baiskeli zisizotakiwa, kuzitengeneza na kuwapa wakimbizi bure. Tangu hapo wamenufaika maelfu.

Hesabu ya nauli

Kwa nini baiskeli, na si chakula au nguo? Jibu liko kwenye hesabu.

Kwa kawaida muomba hifadhi nchini Uingereza haruhusiwi kufanya kazi wakati ombi lake likisubiri uamuzi, na kusubiri huko huweza kuchukua miezi mingi, hata miaka. Mwaka 2024, posho ya anayejipikia ilikuwa pauni 49.18 kwa wiki. Humo ndimo atoe chakula, nguo na sabuni. Nauli ya basi la London ilikuwa pauni 1.75 kwa safari. Akienda darasa la Kiingereza na kurudi kwa siku tano, anatumia pauni 17.50, zaidi ya theluthi ya posho yote.

Mwenye watoto hahitaji kufikiri mara mbili: darasa linaachwa, wakili anaonwa siku ya lazima tu, na sokoni kwenye bei nafuu hakufikiki. Anabaki chumbani akingoja barua. Baiskeli humrudishia pauni hizo, na zaidi ya hapo humpa sababu ya kutoka nje asubuhi.

Si kila kinachotolewa kinafaa kupewa mtu

Hapa ndipo kazi ya fundi inapoanza, na fundi mzuri hana huruma na chuma. Kwanza huangalia fremu, hasa kwenye maungio. Ikiwa na ufa, baiskeli hiyo haipewi mtu. Hufunguliwa, na vipuri vyake vizima hutumika kuponyea nyingine.

Fremu ikipita, zamu ni ya breki. Raba zilizokwisha na nyaya zenye kutu hubadilishwa. Gurudumu linaloyumba hunyooshwa kwa kukaza na kulegeza spoku. Gololi husafishwa na kutiwa grisi mpya, na tairi lililopasuka kwa kukaa muda mrefu hutolewa hata kama bado linashika upepo. Mwisho fundi huipanda mwenyewe.

Ukali huo una sababu. Anayepewa kitu bure huona haya kulalamika, na hana fedha ya kukipeleka kwa fundi mwingine. Breki mbovu kwake si zawadi, ni ajali inayosubiri mteremko. Ndiyo maana baiskeli za mradi huo zilitolewa pamoja na kofia ngumu, taa na kufuli.

Jambo jingine liligundulika: wanawake wengi waliofika London hawakuwahi kujifunza kuendesha. Walikotoka, baiskeli ikiingia nyumbani ilikuwa ya kaka. Shirika likaanzisha masomo yao, wakifundishwa na wanawake wenzao.

Tuanzie nyumbani

Familia yenye baiskeli iliyolala haihitaji shirika kubwa ili kufanya jambo hili. Jirani ana mtoto anayetembea mwendo mrefu kwenda shule, na fundi yupo chini ya mti pale kituoni. Lakini isitolewe kabla ya kutengenezwa, kwa maana hapo unahamisha taka tu kutoka stoo yako kwenda kwake. Angalia pia saizi ya tairi: ikiwa haipatikani kwenye soko la jirani, pancha kubwa ya kwanza itairudisha baiskeli kwenye kona nyingine.

Na ikiwa nyumba inayopewa ina binti, ulizeni mapema nani ataipanda, kisha mshusheni kiti kimfikie naye.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa baiskeli, moyo huo uende na spana.