Biti yako imekatika tena? Huenda shida ilianzia tanurini

Hebu fungua boksi la vifaa la fundi yeyote wa stima, awe wa Makutano kule Meru ama wa mjini Embu. Hukosi biti mbili tatu za ukuta zilizomeguka ncha. Mwenyewe atakwambia, "Hizi ni feki." Inawezekana. Lakini kuna jambo lingine ambalo muuzaji wa hadiwea hatakwambia, pengine kwa sababu hata yeye halijui.

Angalia ile ncha vizuri. Kale kakipande ka kijivu kalikobandikwa mbele si chuma cha kawaida. Ni tungsteni kabaidi, iliyoshikanishwa kwa kobalti. Meno ya mtambo unaochimba visima kule Mbeere ni ya ukoo huo huo. Tungsteni huchimbwa hata hapa jirani Rwanda, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo. Mseto huu uliundwa Ujerumani miaka ya 1920, na kampuni ya Krupp ikauuza kwa jina Widia, yaani "kama almasi".

Sasa, usidhani huyeyushwa na kumiminwa kama sufuria za jua kali. Tungsteni kabaidi huhitaji karibu nyuzi 2,800 ili iyeyuke. Kwa hivyo husagwa ikawa unga, ikachanganywa na unga wa kobalti, ikashindiliwa kwenye kalibu, kisha ikachomwa kwa nyuzi 1,400 hivi. Kobalti inageuka majimaji, inajipenyeza kati ya punje na kuzivuta pamoja. Kipande kinanywea hadi karibu nusu ya ukubwa wake.

Hapo ndipo mambo huanza. Ushawahi kuacha asali ya Mbeere kabatini miezi kadhaa? Inaganda, na chenga zake zinazidi kuwa kubwa. Tanurini pia punje hazibaki zilivyo. Ndogo huyeyukia ndani ya kobalti, halafu kile kilichoyeyuka kinagandia zile kubwa. Ni kama kioski cha mtaa kikifungwa: wateja wote wanahamia supamaketi. Moto ukizidi ama ukikaa sana, kubwa zinazidi kunenepa.

Na wewe inakuhusu nini? Mfuko wako. Kobalti ikiwa kiasi kile kile, punje ndogo hufanya ncha iwe ngumu na ichelewe kulika, lakini ikigongwa inameguka upesi. Punje kubwa hulika haraka zaidi, ila huvumilia kipigo. Ndiyo maana meno ya kuchimba miamba huundwa kwa punje kubwa makusudi, na vifaa vya kukata chuma kwa punje ndogo. Kuzuia punje zisinenepe, viwanda huongeza vanadi kabaidi ama kromi kabaidi kidogo tu. Mbaya zaidi ni punje chache kugeuka majitu katikati ya ndogo. Ufa huanzia hapo, na kwa macho huuoni.

Huku kwetu hilo si mchezo. Mawe ya Meru ni zao la volkano za Mlima Kenya na Nyambene. Ukishuka Siakago na Kiritiri, unakutana na miamba ya kale yenye kwatzi inayokwangua kama msasa. Chama kikichanga pesa za kisima, halafu meno yameguke mwamba ukiwa bado haujatobolewa, maji yatasubiri.

Basi ukifika kaunta, usiulize tu ipi ni ngumu. Sema kazi yako: ni jiwe, ni chuma ama ni vigae? Drili itagonga ama itazunguka tu? Biti ya vigae usiitie kwenye drili inayogonga, hata kama inang'aa namna gani. Ngumu kabisa ndiyo inaweza kukuacha njiani kwanza.