Je, Wajua? Namba za Jedwali Hufuata Mstari

Je, wajua kwamba Word, programu ya Microsoft iliyotoka mwaka 1983, haihesabu jedwali kwa kushuka? Hulipitia kama wewe unavyosoma barua: kushoto kwenda kulia, mstari ukiisha inashukia unaofuata. Ndiyo njia ileile ya kitufe cha Tab. Jedwali likipangwa kwa mwelekeo wa Kiarabu, hesabu huanzia kulia.

Chukua orodha ya wanafunzi 40 iliyogawanywa safu mbili ili itoshe ukurasa mmoja. Mwalimu anataka 1 hadi 20 kushoto, 21 hadi 40 kulia. Anachagua jedwali zima, anabonyeza kitufe cha namba, na anapata 1 kushoto, 2 kulia, 3 chini kushoto. Wengi wakifika hapo hufuta zote na kuziandika kwa mkono. Usifanye hivyo! Akihamia mtoto mmoja tu, jina lake likaingia katikati, utasahihisha namba zote zilizo chini yake.

Je, wajua dawa nyepesi kuliko zote? Jedwali la mstari mmoja wenye seli mbili tu. Andika majina 20 ndani ya seli ya kushoto, kila jina likifuatiwa na Enter isipokuwa la mwisho, na 20 mengine ndani ya ile ya kulia, kisha chagua yote na uweke namba. Word humaliza kwanza kilichomo ndani ya seli moja ndipo ivuke kwenda nyingine, kwa hiyo 20 itakaa mwisho wa kushoto na 21 juu kabisa kulia. Ila kama kila jina linahitaji kisanduku chake cha sahihi, njia hii haifai.

Kwa orodha ya sahihi kuna msimbo uitwao SEQ, nao ndio ninaoupenda zaidi. Mabano yake hayachapwi kwa mkono: bonyeza Ctrl na F9 pamoja, yatatokea yenyewe. Ndani yake andika SEQ kushoto, kisha unakili msimbo huo kwenye kila seli ya namba upande wa kushoto. Upande wa kulia andika SEQ kulia, isipokuwa seli ya kwanza, ambayo itakuwa SEQ kulia \r 21. Kila neno linalofuata SEQ lina hesabu yake, hivyo pande hizi mbili haziingiliani hata kama Word inazipitia kwa kupishana. Chagua jedwali lote, bonyeza F9, na namba zitajipanga. Ukiongeza mstari kwenye jedwali, kumbuka kubadilisha 21 iwe 22.

Jedwali lenye safu moja ya "Na." halina tabu yoyote. Chagua safu hiyo bila kichwa chake, bonyeza kitufe cha namba. Hata seli tupu zitahesabiwa.

Je, wajua kwamba Alt na Shift pamoja na mshale wa juu hupandisha mstari mzima wa jedwali? Jina linapanda, namba zinabaki 1, 2, 3. Ndivyo inavyokuwa pia ukipanga majina kwa alama. Hapo tahadhari: wanafunzi wawili waliofungana alama watapata namba mbili tofauti, na hilo si haki kwao. Namba hiyo ni ya orodha. Nafasi ya mtihani iwe na safu yake.

Je, wajua kwamba namba za kile kitufe hazimo kabisa katika maandishi ya faili? Tengeneza nakala, badilisha .docx mwishoni mwa jina lake iwe .zip, uifungue: majina utayakuta, namba hutaziona. Word huzihesabu upya kila inapozionyesha, na ndiyo maana hujisahihisha papo hapo.

Za SEQ hazijisahihishi zenyewe. Kabla ya kuchapisha orodha yako, bonyeza Ctrl na A, kisha F9.