Simba Walikufa Sura ya Tisa

Basi la Nairobi likishatoka Voi, halichukui muda kufika Tsavo. Wengi wa abiria huwa wamesinzia. Mto wanauvuka bila habari, na daraja la reli lililo karibu linawapita. Hapo ndipo mwaka 1898 simba wawili walipowatoa mahemani vibarua waliokuwa wakijenga reli ya Uganda, wakawala.

Mhandisi John Henry Patterson aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba, mmoja tarehe 9, mwenzake tarehe 29. Mwaka 1907 akatoa kitabu, The Man-Eaters of Tsavo, ambacho mpaka leo huvutia watalii huku. Si riwaya, lakini anayehangaika na mwisho wa riwaya yake ana la kujifunza humo. Kitabu kina sura 27. Simba wa pili anakufa katika sura ya tisa.

Sura 18 zilizobaki ni za nini? Daraja linakamilika. Patterson anawinda viboko, anakoswakoswa na kifaru, anaeleza habari za Wamasai. Sura ya mwisho inahusu pofu wa aina mpya aliyempata. Pofu! Msomaji aliyekesha akiuliza nani ataliwa usiku huu anaagwa kwa pembe za mnyama asiyemuuliza. Yeye alikuwa na swali moja, na lilijibiwa zamani.

Hollywood iliuona ufa huo. Filamu ya The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, iliyoandikwa na William Goldman, haikawii baada ya simba wa pili kuanguka. Lakini ilibuni mwindaji Mmarekani ambaye hakuwahi kukanyaga Tsavo, ikapigiwa picha Afrika Kusini. Ukweli ulijeruhiwa, mwisho ukapona.

Ukishuka Voi ukashika njia ya Taveta, utapita mashamba ya mkonge ya Mwatate. William Boyd, katika An Ice-Cream War ya mwaka 1982, alimpa mhusika wake Temple Smith shamba la mkonge upande wa Taveta. Vita vya 1914 vinalipuka, na jirani yake Mjerumani, von Bishop, anamnyang'anya mashine ya kuchakata mkonge. Baadaye anaingia Felix Cobb, kijana Mwingereza anayemsaka von Bishop huyohuyo ili alipize kisasi cha ndugu yake. Kurasa nyingi msomaji anaisubiri risasi, na risasi haimpati Mjerumani: mafua ya 1918 yamemtangulia Felix.

Kwa mwandishi mwingine huo ungekuwa ukwepaji. Kwa Boyd unafaa, maana katika vita vya huku maradhi yaliua askari wengi wa Uingereza kuliko risasi, na vita vyenyewe viliisha kwa kuchelewa: von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Tangu mwanzo riwaya inatuonyesha vita visivyojali mipango ya mtu. Mwisho unatimiza hilo, hata kama unatunyima tulichokitamani.

Assumpta Matei alipita njia nyingine katika Chozi la Heri, riwaya iliyotahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne. Mmoja wa wahusika wake anaitwa Mwangeka, jina ambalo Wataita watamkumbuka nalo Mwangeka wa Malowa, aliyewapinga Waingereza. Umu, Dick na Mwaliko, ndugu waliotawanywa, wanakutana tena mwishoni. Wapo watakaosema bahati imezidi. Kweli imezidi kidogo. Hata hivyo jalada lenyewe lilikwisha kuahidi chozi la heri, na msomaji aliyevumilia mauaji, ukimbizi na wizi wa watoto anadai chozi lake. Angenyimwa, angekuwa na haki ya kununa.

Patterson naye mwisho mzuri ulikuwepo, ila mwaka 1907 ulikuwa bado haujatokea. Ngozi za simba wale alizitandika nyumbani kama mazulia kwa takriban miaka 25. Mwaka 1924 aliziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, zikajazwa na kusimamishwa. Simba wa Tsavo wangali huko, nyuma ya kioo.